Kamba ya Mafundo

Nimepanda Newala na jalada kwapani.
Mtwara wanataka tarakimu moja kabla ya Jumatatu:
dola ngapi zikae akiba
nchi isikauke koo.
Miezi mitatu ya kuagiza, wanasema wengine;
wengine hapana, pima madeni
yanayoiva kabla mwaka haujageuka.

Mama hana habari na jalada.
Anachimbisha tangi jipya la mvua.
Fundi Likwanya yumo shimoni,
kichwa tu kinaonekana, kinauliza:
"Midomo mingapi?
Kiangazi cha kawaida, au kile cha mwaka ule?
Na majirani, Bi Nambole,
wakisikia maji yameshuka
watakuja na ndoo ngapi usiku mmoja?"

Swali la mwisho nikaliandika pembezoni.
Kwenye kanuni zetu halimo,
au limo kwa jina refu.

"Chimba mpaka ukutane na moto," nikatania.
Mama hakucheka.
Kwa kidevu akanionyesha tangi la babu,
pana kama darasa,
saruji ya misimu miwili ya korosho.
Halijakauka hata mara moja.
Vyura wamezaliwa humo, wakazeeka.
"Mwaka ule wa saruji," akasema,
"Somoe alifaulu kwenda sekondari Masasi.
Hakwenda."
Shangazi Somoe alikuwa kibarazani, anapepeta.
Ungo ukasita.
Ukaendelea.

Salfa ya mikorosho yatoka ng'ambo,
dizeli yatoka ng'ambo,
vidonge vya sukari vya mama, ng'ambo;
na chetu ni korosho,
bei yake huitaja mtu
asiyeijua njia ya Kitangali.
Mwaka huu meli zapanga foleni,
mwakani magunia yalala ghalani mpaka panya wayachoke,
na dola yatoweka madukani
kama chumvi siku ya uvumi.
Akiba ikipungua, aibu.
Ikizidi, Somoe.

Jioni mama akaitumbukiza kamba
kwenye tangi tunalonywea,
kamba ya mafundo, kila fundo mwezi.
Ikapanda imelowa mafundo manne;
la tano limelowa nusu,
au ni kivuli cha mkono wake.
Nikaandika: minne na nusu.
Nikaitazama. Ilikaa vizuri kwenye karatasi,
vizuri mno.

"Mvua zitaanza lini mwaka huu?"
"Sijui, mama."
Akaikunja kamba, akaikung'uta,
matone yakaangukia jalada.
"Basi andika na hilo."