Kichana Kilipojaa

Nilimjua Nyemo kwa utosi kabla sijamjua kwa sura.
Miaka tisa ananiletea kichwa chake, Majengo,
nyuma ya wauza dagaa,
anakalia kigoda changu, ananipa mgongo,
nami nazigawa nywele kwa ncha ya kichana
kama mtu anayepima mashamba.

Zilikuwa nywele za ugomvi.
Zilinivunjia vichana vitatu, nikamdai vyote,
akanilipa zabibu za Hombolo, ndoo nzima,
nikala hadi ulimi ukafa ganzi.

Sasa Oktoba. Vumbi limesimama mlangoni kama mteja.
Kila mtu anajipepea, hata kwa ankara ya maji.
Nyemo kaingia na sweta.
"Baridi, Mama Chiduo,"
kwa sauti ya mtu aliyekesha matangani.
Mabinti wanaosubiri rasta wakatazamana.

Nikatia kichana.
Kikatoka kimejaa.

Nywele yenye uhai ikikatika hulia, tik,
kama njiti ya kiberiti.
Hizi hazikulia. Zilinifuata tu mkononi
kama watoto wasio na kwao.

Kwanza nilijishitaki: ni dawa yangu ya Juni,
nilichelewa kumwosha, nilikuwa kwenye simu.
Kisha nikamgeuza, nikamtazama mbele.
Nyusi zimeanza vizuri karibu na pua
zikakatikia njiani, kama lami ya kuelekea kwao.
Uso umejaa. Mtaani wanamsifu: umenawiri, mume anakulisha!
Hawajamshika. Mimi nilimshika:
ngozi ya ubaridi, kama chungu kilicholala nje,
miguuni imepasuka vipande
kama mbuga ya Bahi maji yakishaondoka.
Kucha zinamenyeka, tabaka kwa tabaka, kitunguu.

"Nimepaka mafuta ya mgando, ya nazi, ya mnyonyo.
Shangazi kanipeleka kwa mtu, Mpunguzi,
akanitajia jina la mke mwenza nisiye naye.
Jirani anasema ni mkorogo. Sijawahi kuugusa.
Wengine hawasemi. Wanahamisha kikombe."

Leo sikusuki, nikamwambia.
"Harusi ni Jumamosi."
Sikusuki.
Nikazikusanya zile nywele kwenye bahasha ya kaki,
nikafunga banda saa nne asubuhi, mwisho wa mwezi,
wateja wamekaa foleni,
tukaenda General.

Daktari hakuitaka bahasha.
Alimshika shingo, akamwambia ameze mate,
akamgonga nyuma ya kisigino kwa kinyundo,
unyayo ukaruka, ukachelewa kurudi,
kama mtu aliyeitwa akiwa usingizini.
Wakatoa damu. Jibu, wiki ya pili:
kuna tezi hapo shingoni, kazi yake kuchochea moto wa mwili,
nayo imesinzia zamuni.
Moto ukififia, alisema, mwili hubana matumizi,
huanza kunyima vitu vya pambo:
nywele, kucha, ngozi.

Vitu vya pambo!
Nilimeza jibu langu, lakini nitaliandika hapa.
Miaka ishirini mimi nakula pambo, nasomesha kwa pambo.
Na pambo ndilo lililopiga yowe, daktari.
Moyo wake ulikuwa umenyamaza.

Kidonge kimoja, alfajiri, kabla ya chai,
kila siku, na kesho ya kila siku.

Machi karudi. Sweta lipo, ila mkononi.
Nilimkalisha kinyume, uso kwangu.
Mwisho wa nyusi palikuwa na vinyweleo vipya,
vitano au sita;
nilivihesabu mara mbili, idadi ikakataa kulingana.
Ukucha wa gumba umegawanyika kwa mstari:
juu ule mzee, wenye mifereji, unaovunjika,
chini, karibu na nyama, mwingine, mlaini,
haujui lolote.

"Utanisuka?"
Mwezi wa sita. Labda.
Akacheka. Sauti bado ina mchanga.

Bahasha ya kaki ninayo,
kwenye droo, pamoja na vile vichana vitatu.
Sijui ninamtunzia nani.