Kilo Mbili

Mfuko wa sukari, wa kiwandani, mshono haujaguswa,
kilo ishirini na tano, chapa ubavuni.
Niliupandisha mizani kwa mchezo tu, asubuhi ya manyunyu,
Mwaloni Kirumba, wanunuzi wa Kongo hawajaamka.
Mshale ukatetemeka, ukatua:
ishirini na tatu.

Nikaushusha. Nikaupandisha tena.
Ishirini na tatu.
Korongo juu ya bati akanitazama
kama mkaguzi asiyepokea soda.

Miaka mitatu nimesimama hapa, kalamu sikioni,
nikiwasomea wanawake wa Ukara dagaa wao,
nao wakiitikia "haya,"
wakiamini chuma kuliko mabega yaliyobeba.

Nilimfuata Lugwisha, mwenye mizani. Hakukana.
Alinivuta hadi majini, akaipiga kofi injini ya buluu:
"Hizi ndizo kilo mbili zako.
Masika iliyopita imetoa watu saba ziwani, wakiwa hai.
Kila mama kapoteza viganja vichache vya dagaa. Nani kaumia?
Weka saba huku, viganja kule, upime.
Si ndiyo kazi yako?"
Nikapima. Nikaona aibu,
maana upande wake ulizidi.

Kokushubira, aliyefundisha uraia Nyakato
hadi chaki ikamla kifua, sasa anauza uzi wa nyavu.
Hakutaka kusikia habari ya injini.
"Mizani zote zikisema uongo," alisema, akipima uzi kwa mkono,
"neno *kilo* litakufa. Lugwisha mwenyewe hatakuwa na cha kuiba.
Uongo wake unakula kwenye sahani ya ukweli wa wenzake.
Na yule mama si ngazi ya kumfikia anayezama."
"Na anayezama, mwalimu?"
Akaanza kutafuta mkasi.
Mkasi ulikuwa mkononi.

Nkwimba anayepara sato hakuuliza saba wala neno.
Aliuliza mkono wangu. "Lete."
Akaugeuza, magamba yakabaki kwenye ngozi yangu.
"Mkono hujifunza. Mwaka wa kwanza unaiba bila kujua.
Wa pili unajua.
Wa tatu unapakua ugali nyumbani
na kuwapunja watoto."

Bituro mchukuzi alijibu akipita, gunia kichwani:
"Mizani ichaguliwe umeme umekatika,
kabla mtu hajajua, taa zikirudi,
atakuwa muuzaji, au mnunuzi,
au yule anayepiga kelele katikati ya mawimbi."
Akacheka, akaenda zake.
Yeye hulipwa kwa gunia, liwe zito, liwe jepesi.

Shuleni niliambiwa shairi lisilo na mizani ni guni.
Basi hili ni guni.
Kila nikihesabu nakuta pungufu,
na sijui limepungukia wapi.

Kisha akaja Nyamisi, wa kwanza siku ile,
kisigino kimepasuka, gunia limelowa pembeni.
Mshale ukasema arobaini na nane.
Nikasoma kwa sauti: hamsini.
Nikaandika hamsini.

Akainama, akauchungulia mshale.
"Umekosea, mwanangu," akasema. "Hii ni arobaini na nane.
Rekebisha, wasije wakakukata mshahara."

Wote niliowauliza walikuwa na la kusema.
Kwa huyu sikuwa na la kujibu.
Nikalichukua lile jiwe dogo nililolikuta chini ya sahani,
la rangi ya kijivu, kama majabali yetu yote,
nikaliweka kiganjani mwake.
Aliligeuza. Akanitazama muda mrefu.
Kisha akalirusha ziwani, mbali,
kwa mkono wa mtu aliyewahi kuwafukuza ndege mpungani,
na bila kusema neno akaomba hela yake.

Injini ya buluu iliuzwa Novemba.
Usiku upepo ukivuma kutoka Ukara
naketi kitandani, mke wangu kalala,
nasikiliza.
Nahesabu hadi saba, naanza upya.