Ada Mpya

Ljubljana, Novemba. Hita ya ukumbi imekufa,
tumekaa na makoti, watu themanini kasoro mmoja,
wachunguzi wa mbawakawa wa mapangoni,
wadudu wasio na macho, wasiodai taa.

Mimi ndiye mweka hazina. Nasoma:
kutoka yuro arobaini hadi hamsini na tano.
Kimya. Kisha kiti kinalia sakafuni.

Anselmo Quintela wa Koimbra asimama na fimbo:
"Nilipojiunga, ada ilikuwa bei ya viatu vya mtoto.
Leo pensheni yangu yenyewe yavaa ndala."
Wanacheka. Mimi nimeshika bili ya umeme.

Haba na haba hujaza kibaba, najua.
Ila kibaba chetu kina tundu,
na tundu lina jina: jokofu,
hasi themanini, vielelezo elfu sita,
vingine vya mapango ambayo saruji imekwisha kuyameza.
Likizimika Ijumaa, Jumatatu
tutakuwa chama cha supu.

Oyuunbileg wa Ulan Bator hulipa kwa mafungu matatu,
kila fungu na barua ya kuomba radhi.
Ninazo zote. Sikuzisoma hadharani.

Kura: arobaini na moja kwa thelathini na nane.
Anselmo alinyoosha mkono upande wa ndiyo,
akiutazama kana kwamba si wake.

Usiku nashuka ghorofa ya chini kulisikiliza.
Languruma vilevile, halina habari.
Napanda tena, nawasha taa ya meza.
Mpendwa Oyuunbileg,
naandika, nafuta.