Zulia Husomwa Mgongoni

Dhiraa kumi, upana mbili kasoro:
Suudi nne, Khalfani nne,
mimi binti, mbili za mwisho,
zile za mlangoni, zilizolika kwa nyayo za wageni.
Hesabu ya mirathi haina kosa.
Kosa ni mkasi.

Nikalikunja kabla ya alfajiri, nikalitoa ushorobani,
teksi mpaka Jibru, nyuma ya Matrah,
kwa Dostmurad, Mbaluchi asiyekujulia hali
kabla hajagusa sufu.
Maua hakuyatazama. Alilipindua.
"Uso wa zulia ni wa mnunuzi," alisema,
"mgongo ni wa aliyefuma."

Dole gumba likatembea, macho kayafumba.
"Si la Bijari. La Bijari hushindiliwa kwa chuma,
ukilikunja utalisikia linalia.
Si la Wakashkai wa Shirazi, mtande wao ni sufu;
watu wa kuhama na kondoo, pamba wataitoa wapi?
Hapa mtande ni pamba. Na mshindio mmoja tu
kati ya safu na safu: ona vinukta vyeupe,
punje za mchele.
Vijiji vya Hamadani.
Na hii rangi ya tende mbivu haikupikwa na mtu,
ni sufu ya ngamia, kama alivyozaliwa nayo."

Nikamwonesha buluu inapogeuka ghafla,
juu nili iliyoiva, chini maji ya kusuzia wino.
Jua la dirishani, nilidhani.
"La. Chungu kilikwisha. Au mfumaji alijifungua,
akarudi arubaini imepita, na nili nyingine."

Kisha dole likasimama.
Katikati, toka pindo hadi pindo, mshono.
Uzi si sufu: mwekundu, wa pamba, umechujuka,
uzi wa kuchomolewa kwenye kanga.
"Huyu hakuwa fundi," alisema.
"Hii mishono ya mtu mwenye hasira.
Lilikatwa zamani. Likarudishwa."

Mama hakupata kutuambia.
Tulijua tu kwamba yeye na dada yake Ghaniya
walikaa miaka sita, ukuta kwa ukuta, bila salamu,
halafu Ijumaa moja wakala sinia moja.

"Niufumue, nitie sufu ya sawasawa?"
"Uache."
Riyali nane, za pindo tu.

Jioni nililitandika kifudifudi,
mgongo juu, mkasi wa Suudi ukiwa juu ya meza.
Alikwishatoa futi ya kupimia. Akainama, akauona uzi.
Kanga ile aliijua; alibebewa nayo.

Khalfani akavua viatu.