Mashina Mawili

Oktoba, nyuma ya kanisa la Dauphin,
niliokota kokwa kumi na mbili nikazitia mfuko wa koti.
Mjomba Ostap akaniuliza kama nimekuwa kindi.

Sikuwa na hakika ni mti gani.
Huku kwetu Manitoba mtu huujua mti kwa kuni zake:
ukiwaka vizuri, basi una jina.

Nikaanza na jani.
Refu kama kiganja na vidole vyake,
limebanwa katikati kama kiuno cha fidla,
kisha likajiachia juu, pana, la mawimbi;
na ukiligeuza, tumboni lina malaika weupe
kama shavu la mtoto.
Nikaja kwenye kitawi: matuta ya kizibo pande zote,
kana kwamba kimevaa koti juu ya koti
kikijua Januari inakuja
na nyuzi arobaini chini ya sifuri.
Mwisho kokwa yenyewe, imezama kikombeni hadi machoni,
na ukingo wa kikombe umeshonewa matamvua
kama shali ya bibi yangu Paraskevia.
Hapo nikasema: mwaloni.
Mwaloni wa nyika za baridi, si mwingine.

Nilizimwaga kwenye ndoo ya maji.
Tano zikaelea: fukusi walikwisha kula,
wakahama bila kulipa pango.
Saba zikazama. Zinazozama ndizo za kupandwa,
neno lililonifaa mimi
niliyezama madeni mara mbili.

Aina hii haingoji theluji iyeyuke.
Huteremsha mzizi vuli hiyohiyo, gizani, kimyakimya.
Nikazilaza ubavu, kina cha vidole viwili,
nikafunika kwa waya wa kuku na mawe.
Kindi aliusoma waya ule kama kadi ya mwaliko.
Ikabaki moja.

Mwaka wa kwanza, majani manne.
Wa pili, sita.
Wa tatu, manne tena.
Ostap akasema umedumaa. Sikumbishia.
Chini ya udongo mzizi ulikwisha pita urefu wa goti langu;
mti ule uliweka akiba
mahali ambapo hakuna anayekopa.

Mwaka wa nne, mwezi wa Julai,
kaka yangu Zenon akapita na mashine ya kukata nyasi.
Alikuja kunitendea wema.
Tulikuwa hatujasemezana tangu shamba la baba ligawanywe.
Alisimama, injini inanguruma,
haelewi kwa nini nimepiga magoti.
“Ni nyasi tu,” akasema.
Nilimjibu maneno ambayo siyaandiki hapa.

Kijiti cha alama sikukiondoa.
Kilikaa msimu mzima wa theluji
kikilinda kitu ambacho hakikuwapo.

Juni. Miti mingine yote imekwisha vaa.
Mwaloni huchelewa kuamka, hilo nililijua,
lakini kujua hakumzuii mtu kwenda kuchungulia kila asubuhi
na kikombe cha kahawa kinachopoa mkononi.
Siku ya kumi na moja nikaona vichipukizi viwili,
vyekundu kidogo, vimetoka pembeni mwa kisiki
kisichozidi unene wa penseli.

Nikampigia Zenon simu.
“Njoo uone nyasi yako.”

Sasa umenifika kifuani, mashina mawili.
Lazima moja likatwe mapema,
lisije likaupasua mti upepo utakapoukamata.
Zenon anasema tulibakishe la mashariki, limenyooka.
Mimi nasema la magharibi; limepinda, ndiyo,
lakini ndilo lililotangulia kutoka.
Najua, mchagua jembe si mkulima.
Kila Machi, kabla utomvu haujapanda,
huja na msumeno wake uliofungwa gunia.
Tunauzunguka mti, theluji imefika vifundoni.
Majani makavu ya mwaka jana bado yameng’ang’ania,
yanatucheka kwa sauti ya karatasi.
Tunabishana hadi vidole vinakufa ganzi,
tunaingia ndani, tunakunywa chai.
Msumeno haujafunguliwa.

“Mwakani,” anasema mlangoni.
Mwakani, nasema.