Upande wa Kufungukia

Mlango wa zamani ulikuwa umekula chumvi nyingi,
nayo chumvi, kwa zamu yake, ikaula.
Bawaba ya chini ilibaki jina.
Nilitia kidole gumba kwenye bati, kikatokea nje,
na upepo wa Changamwe ukanipoza ukucha.

Bwana Jivanji akasema: chagua wewe, Mwanasiti,
wewe ndiye mwenye stoo. Ila mwizi asipite.
Akaniachia karatasi tatu za bei
na kalamu isiyoandika mpaka ipulizwe.

Wa kwanza wa kukunjwa juu kama jamvi,
umeme ukikatika, vuta mnyororo.
Wa pili wa kuteleza kwenye reli,
mzuri kwa malori, ila mchanga ukiingia gurudumuni
hugoma kama punda.
Wa tatu wa bawaba, milimita tatu, umetiwa zinki chini ya rangi.
Bei yake niliifunika kwa kiganja,
nikaisoma tarakimu mojamoja.

Wauzaji wote waliapa: haushiki kutu.
Nikawaomba kila mmoja kipande,
nikavitosa kwenye ndoo ya maji niliyoyateka Makupa,
nikaipandisha juu ya paa la choo.
Vikae arubaini, kama mzazi.

Ndani ya siku hizo nikamfuata fundi Mwarandu, Jomvu,
asemaye huku ameuma waya wa kuchomelea.
"Nani hulala humo?"
Halali mtu. Ni zamu ya usiku.
"Wangapi?"
Thelathini na mmoja.
"Na kufuli yakaa upande gani?"
Nikaangalia viatu vyangu.
"Basi bosi wako hataki mlango.
Ataka ukuta wenye bawaba."

Miaka tisa mimi ndiye nifungaye.
Saa tatu usiku, kwa nje, ufunguo kifuani,
kisha Magongo, wali, usingizi.
Malapa huibwa, sikatai,
hutoka yamefungwa tumboni kama mimba ya miezi minne.
Daftari langu lina safu ya jozi zilizopotea.
Halina safu ya dakika:
za kunipigia simu, za mimi kuamka,
za kutafuta bodaboda na ufunguo mkononi.

Nikamuuliza Nyamvula wa mashine ya nne,
moshi ukitanda, utafanyaje?
Hakunijibu kwa mdomo.
Alikuwa na kreti la soli mikononi, bado za moto.
Akaupa mlango mgongo, akausukuma kwa nyonga.
Mlango, ufungukao kwa ndani, haukutikisika.
"Waona?" akasema, akarudi kazini.

Siku ya arubaini nikaiteremsha ndoo.
Maji yalikuwa chai ya rangi.
Kipande cha kwanza kilivimba, kikachubuka kama kidonda.
Cha pili kiliungua pale tu msumeno ulipopita.
Cha tatu kilinuna, kimetoka unga mweupe kama magadi.
Nikakifuta kwa pindo la leso. Kilikuwa chuma bado.

Nikaandika:
milimita tatu. Zinki kwanza, rangi baadaye.
Bawaba za chuma cha pua.
Ufunguke kwa nje.
Upau wa kusukuma, usimame nyongani,
nyonga ya mwanamke mfupi, nimeipima.
Aliye ndani asihitaji ufunguo wala mimi.

"Na malapa yangu?" akauliza Bwana Jivanji.
Tutatia kengele, nikamwambia.
Mwizi atatoka kwa shangwe, mtaa mzima umsikie.
Hakucheka. Aliitazama bei kwa muda mrefu,
akaipuliza kalamu mara tatu kabla haijakubali.

Usiku wa kwanza nilisimama nje, saa tatu.
Mlango ulijifunga wenyewe, taratibu, ukanuka rangi.
Mkono wangu, kwa mazoea, ulikwenda kifuani
ukakuta jasho tu.
Ndani, mtu aliusukuma kujaribu.
Kengele ikalia. Wakacheka, wakaufunga,
wakaujaribu tena.