Saa Sita

Kilomita elfu kumi na mia moja,
alisema kijana wa tiketi pale karibu na Posta,
bila kuinua macho,
kama anayenitajia bei ya vifungo.

Mimi ni fundi cherehani. Nikipewa urefu, naupima.
Nilikwenda kwa watawa wa shule, hapa Kamalondo,
nikaazima tufe la dunia, nikalivisha utepe wangu
kutoka Lubumbashi, juu ya maji mengi,
mpaka Guangzhou.
Robo ya kiuno.
Robo ya kiuno cha dunia, Numbi!
Koni moja ya uzi ni mita elfu tano:
ningetaka koni elfu mbili na ishirini
kwa mshono mmoja tu, usio na pindo.

Siku ile, Luano, vumbi jekundu lilikuwa limepanda hadi viooni.
Mama yako alificha chikanda katikati ya mashati,
akaifunga kwa gazeti, akaifunga kwa kitenge,
akasema: Wakiuliza, ni dawa.
Ndege ikainuka saa nane,
ikapinda juu ya kilima cheusi cha masalia ya shaba,
ikawa sindano,
ikawa tundu la sindano,
halafu nikawa natazama mbingu tupu kama mjinga.

Saa nne hadi Addis. Sita za kukaa kwenye benchi.
Kumi tena za angani.
Niliandika kwa chaki juu ya meza ya kukatia: ishirini.
Lakini karatasi ya safari ilisema
utoke saa nane mchana, ufike kesho saa kumi jioni.
Nikahesabu tena. Ishirini na sita.
Nani amekula saa sita za mwanangu?
(Nami huulizwa hivyo hivyo, kitambaa cha mtu kikipungua.)

Asubuhi ukapiga, subana bado iko kidoleni.
"Nimefika, baba. Huku ni saa kumi."
Mama yako akaninyang'anya simu: "Umekula?"
Nikageukia saa ya ukutani.
Mshale mfupi ulikuwa juu ya kumi,
nasi hapa, kama kawaida yetu, tulikuwa tukisema saa nne.

Nilisimama pale, pasi ikaunguza suruali ya Bwana Musonda.
Maisha yangu yote nimeona kumi nikasema nne,
nimeona saba nikasema moja;
mwalimu wa Kifaransa alinichapa kwa ajili hiyo.
Sikuwahi kuuliza zile sita tunaziweka wapi.
Kumbe nilikuwa nakuwekea wewe.

Kwa hiyo usininunulie saa ya pili.
Umeme ukikatika usiku, saa tano,
namulika ukuta kwa tochi
na kwa mara moja nasoma namba kama ilivyoandikwa:
kumi na moja, alfajiri. Unanawa uso.

Habari ya chikanda, kwamba waliitupa mbele yako,
mama yako sijamwambia.